Magunia ya Kakao Yaliyonuka Moshi

Niliondoka nyumbani Macquarie Fields saa mbili asubuhi, siku yangu ya mapumziko, kwenda Lidcombe, humu humu Sydney, kunusa kakao. Najua inachekesha. Kazi yangu ni kutunza wazee kule Westmead, na katika miaka ile ya Corona mtu mwenye akili timamu alijificha ndani siku yake ya mapumziko. Lakini kaka yangu Kambale, aliye kwetu Beni, mashariki mwa Kongo, alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti mara nne kwa siku mbili, na kila ujumbe ulikuwa mkali kuliko uliotangulia.

Kambale ni mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa kakao. Kwa miaka mingi kakao yetu ilivushwa mpaka kimyakimya, ikifika upande wa pili inaitwa kakao ya Uganda, na sisi tunabaki bila jina. Safari hii ushirika ulipata mnunuzi wake wenyewe, mwanamke wa Sydney anayetengeneza chokoleti. Magunia kumi na tano yalisafiri na karatasi zilizoandikwa Kongo. Yalichelewa bandarini miezi kadhaa kwa sababu ya Corona, na yalipofika, yule mama akaandika kwamba kakao inanuka moshi. Akasema kabla ya jioni ya siku ile niliyotoka nyumbani ataamua kama ataikataa yote na kuachana nasi. Akiikataa, wakulima watarudi kwenye njia ya kuvusha kimyakimya.

"Kavira, ule muzungu anatudanganya," Kambale alisema kwenye ujumbe wa mwisho. "Anatafuta kisingizio tu. Ndio vile wanafanyaka. Au alipata corona, pua yake ikaharibika. Wewe uko pale pale. Enda unuse na pua yako."

Binti yangu Grace, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa akinywa chai huku akinitazama nikivaa barakoa. "Mum, just send her an email," akasema.

"Barua pepe hainusi," nikamjibu, nikatoka.

Stesheni ya Glenfield, nilipobadilisha treni, behewa lilikuwa karibu tupu. Kwenye viti kulikuwa na vile vibandiko vya kijani vya kuonyesha mahali pa kukaa ili tusisogeleane. Mzee mmoja alikohoa mara moja na sote tukamgeukia kama vile ameiba. Sikuwa bora kuliko wengine. Niligeukia dirishani, nikaanza kupanga maneno. Nitamwuliza kama aliwahi kuugua. Nitamwuliza ghala lake liko karibu na nini. Wiki ile idara ya zimamoto ilikuwa ikichoma vichaka kwa makusudi nje ya jiji, ili kiangazi kikija moto usipate cha kula, na moshi wake ulitanda mpaka kwenye nguo tulizoanika. Tulipopita Cabramatta nilikuwa nimeshamhukumu yule mama. Kakao yetu ilifika safi, yeye akaiacha wazi kwenye moshi wa kwao, sasa anatusingizia.

Lidcombe nilifika saa nne kasorobo. Ghala liko mwendo wa dakika kumi na tano kutoka stesheni, kati ya gereji na kiwanda cha vigae. Mlangoni alisimama mlinda ghala, kijana mrefu, aliyenitazama mkoba kabla ya kunitazama usoni.

"Check-in kwanza, mama. Scan pale," akasema kwa Kiingereza, akinionyesha msimbo wa kujisajili wa Corona mlangoni. Nilipohangaika na simu nikajisemea jambo kwa Kiswahili, naye akabadilika. "Kumbe ni wa kwetu? Mimi Mrundi, nimekulia kambini Tanzania. Naitwa Nestori. Umekuja kwa ajili ya hii kakao ya Kongo?"

"Umejuaje?"

"Bosi wangu Helen amesema kuna mtu atakuja kumgombeza."

Kwa hiyo Kambale alikuwa amewaandikia, na walikuwa wananisubiri. Sikupenda. Nikamwuliza Nestori kama milango ya ghala huachwa wazi. Akasema hufungwa. Nikamwuliza nani ana ufunguo. "Mama, hii ni police interview?" akauliza, lakini alicheka.

Helen alitoka ofisini, mwanamke wa miaka hamsini hivi, nywele fupi, aproni yenye madoa ya kahawia. Hatukupeana mikono, siku zile tuligusanisha viwiko. Nilimwuliza moja kwa moja kama amewahi kupata Corona. Akasema hapana. Nikamwambia watu wengine hupata na hawajui. Akanisogezea bakuli la mbegu za kakao.

Nikashusha barakoa. Moshi ulikuwepo. Nao ulikuwa moshi wa mkaratusi, nilioujua kama ninavyojua harufu ya kanga yangu. Moyo ukaruka kwa furaha. "Huu ni mti wenu," nikamwambia. "Huu ni moshi wa hapa Sydney."

Hakubisha. Alichukua kisu, akapasua mbegu moja katikati, akanipa ninuse ndani. Moshi ulikuwa umeingia mpaka kiini. Akasema moshi wa kupita juu ya gunia lililofungwa haufiki huko. Mbegu hii ilinywa moshi ikiwa bado mbichi, wakati wa kukaushwa. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia mashaka zaidi. Nikakumbuka, bila kupenda, kwamba na kwetu mkaratusi ndio kuni za kila jiko.

"Bakuli hili limetoka gunia gani?" nikauliza.

Akasema limetoka magunia yote. Amechoma kila gunia kwa chuma cha kuchukulia sampuli, akachanganya, kama ilivyo desturi yao. Basi nikamwomba tunuse moja moja. Aliangalia saa yake, akamwita Nestori.

Tulianza pale kwenye rafu za nyuma. Nestori alikata uzi wa gunia la kwanza na ndani, juu kabisa, kukawa na kipande cha kitenge cha njano. Akataka kukitupa, nikamzuia mkono. Niliwaeleza. Wanawake wa ushirika ndio wanaoshona magunia, na kila nyumba huweka kipande cha kitenge chake mdomoni mwa gunia kabla ya kushona, kwa sababu alama ya nje inaweza kufutwa mpakani, na gunia la mtu likabadilishwa. Hatumwamini dereva, hatumwamini karani, hatumwamini hata Mungu wa barabara ile. Helen akacheka kidogo, mara ya kwanza.

Gunia la njano halikuwa na moshi. La pili, safi. La tano, safi. Nilikuwa nazidi kurefuka. La saba likafunguliwa na moshi ukanipiga puani, na juu yake kitenge cha bluu chenye ndege weupe. Kitenge kile nilikinunua mimi dukani Auburn, nikamtumia wifi yangu, mke wa Kambale.

Nilisema huenda ni bahati mbaya. La kumi na moja, ndege weupe, moshi. La kumi na nne, ndege weupe, moshi. Mengine yote yalikuwa safi.

Helen alikwenda kupokea simu. Nestori akaniangalia, akageuka kupanga mbao zilizokuwa zimeshapangwa. Vipande vitatu vilikuwa kiganjani mwangu. Mkoba wangu ulikuwa wazi. Niseme ukweli, nilivitia mkobani. Kaka yangu ndiye aliyewakataza watu kukausha kakao kwa moto. Ndiye aliyemfukuza mjane mmoja kwenye ushirika kwa kosa hilo hilo. Nilisimama pale nikiona aibu mwili mzima. Nikamfikiria yule mjane, na wenye yale magunia kumi na mawili ambao hawakufanya kosa lolote.

Helen aliporudi nikavitoa. "Magunia matatu yana moshi," nikasema. "Kumi na mawili ni safi. Haya matatu ni ya nyumba moja."

"Unamjua?" akauliza.

"Ni kaka yangu. Mwenyekiti."

Helen alichukua kisu tena. Alikata mbegu kutoka kila gunia safi, akanusa, akaandika. Ilichukua saa nzima. Mwishoni akasema atayachukua yale kumi na mawili, na msimu ujao atataka tena, lakini atachukua sampuli kwa kila kitenge.

Saa nane mchana, jukwaani kwenye stesheni ya Lidcombe, nikampigia Kambale. Kwanza akasema tumebadilishiwa magunia. Nikamwambia kuhusu ndege weupe.

"Kwenye meza za ushirika za kuanikia sikupeleka," akasema. "Ule karani wa mizani simwamini. Na nje ya nyumba wezi wangeiiba. Nikakaushia jikoni, niwe naiona na macho yangu. Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Na jina yangu?"

"Na jina lako, kaka. Jumapili uwaambie watu wa ushirika mwenyewe. Na yule mjane umrudishe."

Alikata simu. Nilipanda treni nikalia ndani ya barakoa, ambayo si mahali pazuri pa kulilia.

Nilikwenda Lidcombe kumkamata mwongo, na nilichojifunza ni kwamba kumshuku mtu wa mbali ni kazi rahisi sana, naifanya hata nikiwa nimekaa kwenye treni. Kumshuku mtu wa damu yako, ukamwambia, ndiyo kazi.

Wiki sita baadaye wifi yangu alinitumia picha. Kakao imetandazwa juani kwenye meza za ushirika, na Kambale ameketi kando yake kwenye kigoda, uso kaugeuzia kwenye mizani ya karani. Chini wifi aliandika kwamba mzigo wote ule ni wa nyumba yao. Nilifurahi kwa dhati. Kisha nikaivuta picha ikawa kubwa, nikaanza kutafuta kama kwenye nyumba za nyuma yao kuna jiko linalotoa moshi.