Jirani Yangu, Mama Mkwe

Nilimjua kwa kikohozi. Nilikuwa nimeshaweka cherehani yangu chini ya dirisha, nimetandika kitanda, nimekaa juu yake kulijaribu godoro, nikijiambia kwamba uzeeni Mungu amenikumbuka, ndipo nikasikia mtu akikohoa chumba cha pili. Alikohoa mara mbili, cha tatu akakimeza. Kikohozi kile nilikuwa nimekikimbia sokoni Kajiado miaka na miaka, nikijificha nyuma ya magunia ya maharagwe ya watu. Nikajua kwamba mimi na mama mkwe wangu sasa tunatenganishwa na ukuta mmoja tu.

Msomaji asiyetoka kwetu Ukambani huenda akacheka. Acha acheke. Kwetu mwanamume hamtazami mama aliyemzaa mke wake, hali chakula mbele yake, na kulala naye chini ya paa moja ni jambo ambalo hata mlevi hulikwepa. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Si chuki, ni heshima. Tangu nimwoe binti yake sikuwa nimewahi kumtazama usoni, wala yeye hakuwahi kunisemesha. Habari zetu zilipitia kwa mke wangu, na mke wangu alipokufa, habari zikakatika.

Nyumba zile zilijengwa na kanisa mwishoni mwa miaka ya tisini, nje kidogo ya Kitengela upande wa kwenda Isinya, wakati ploti zilipoanza kuuzwa kila mahali na pundamilia bado walikuja hadi kwenye ua kiangazi. Vilikuwa vyumba vya mawe, safu moja, paa moja la mabati, bomba moja, na vyoo mwisho wa safu. Walipewa wazee wasio na shamba wala mtu wa kuwatunza, na kodi ilikuwa ndogo hata mimi niliiweza kwa kushona viraka. Sharti lilikuwa uweze kujichotea maji na kujipikia. Asiyeweza alirudishwa kwa jamaa zake, maana Sista aliyesimamia pale hakuwa na wauguzi.

Mimi sikuwa na pa kurudishwa. Duka ambalo nilishonea barazani pake kule Kajiado lilikuwa la Msomali mmoja muungwana, na alipolifunga akahama, nilibaki na cherehani na jua. Mimi na mke wangu Mungu hakutupa mtoto. Mama mkwe naye alikuwa amezaa huyo mmoja tu, kwa hiyo sote wawili tulifika pale kwa sababu ya kaburi lile lile.

Kesho yake nilienda kwa Sista, kofia mkononi, kuomba chumba kingine.

"Mzee, hicho chumba kiko na shida gani?"

"Chumba hakina shida. Shida ni jirani."

"Amekukosea?"

"Hajanikosea. Ni mama mkwe wangu."

Sista alicheka, si kwa ubaya. "Si basi ni vizuri! Familia imekutana. Hayo mambo ya kienyeji tuliacha nje ya geti, hapa sisi wote ni watoto wa Mungu. Na mzee, niko na watu wengi kwa laini. Ukikataa chumba nitapatia mwingine."

Nilipouliza kama naweza kubadilishana na mzee mwenzangu, alisema akiruhusu mmoja, wote watataka. Nilirudi nimefura. Baadaye nikasikia kwamba mama mkwe alikuwa amenitangulia na ombi hilo hilo asubuhi, akajibiwa vivyo hivyo. Kwetu iko njia ya kuifungua heshima hii, mbuzi akachinjwa na wazee wa pande zote mbili wakakaa. Lakini wazee wa kwake walikuwa wamekwisha, na wangu walikuwa wamenisahau. Tukabaki.

Tulitengeneza sheria zetu bila kuongea. Yeye alichukua bomba alfajiri, mimi jua likishapanda. Nikitaka kutoka nilipiga kikombe cha bati kwa kijiko; yeye alipiga mlango wake kwa fimbo. Wazee wengine walitucheka wiki za kwanza, isipokuwa mama mmoja wa Kimaasai aliyekaa upande wa pili wa mama mkwe. Huyo hakuhitaji kuelezwa.

"Hata kwetu iko hivyo," aliniambia. "Mkwe ni moto. Unaota ukiwa mbali."

Ubaya ni kwamba kuta za ndani hazikufika paa. Fundi aliishia juu ya kichwa cha mtu, pengine mawe yalimwishia, pengine akili. Kila sauti iliruka. Nilimsikia akisali, akikwangua ukoko, akigombana na kiberiti. Yeye naye alisikia cherehani yangu mchana kutwa, na mambo mengine ya mzee anayeishi peke yake ambayo sitayaandika.

Kulikuwa na paka wa manjano asiye na mwenyewe. Siku moja, nikiwa na homa, nilisikia sauti ya mama mkwe ikisema, "Wewe paka, huyo mtu wa kukohoa hivyo hajui tangawizi?"

Nilijikokota hadi kwenye cherehani. Kisha nikaiambia, "Tangawizi ingenunuliwa na nani?"

Kabla ya chakula cha mchana, yule mama wa Kimaasai aliniletea kipande cha tangawizi kimefungwa kwenye gazeti, huku akicheka hadi machozi. Tangu hapo tukawa hivyo. Yeye alimwambia paka, mimi niliiambia cherehani, na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Paka mwenyewe mara nyingi hakuwepo.

Jumapili jioni, baada ya ugali, mama mkwe alikuwa akimsimulia paka habari za msichana wake. Jinsi alivyokataa kubebwa mgongoni akiwa mdogo. Jinsi alivyouza kuku wa jirani akidhani ni wa kwao. Mambo ambayo mke wangu hakuwahi kuniambia, kwa sababu mtu hajui utoto wake wote. Nilikuwa nikiondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani ili nisikie vizuri. Nami niliisimulia cherehani jinsi alivyokuwa mke: mkaidi, mcheshi, asiyejua kupika chapati hata kidogo. Upande wa pili nilisikia mtu akicheka, halafu akipenga kamasi. Nilikuwa nimeomboleza peke yangu muda mrefu sana, na wiki nzima nilikuwa nikiingoja Jumapili.

Miaka ikapita hivyo, kisha nikaanza kusikia mambo mengine. Sufuria ilianguka, ikaanguka tena. Kiberiti kiliwashwa, kikazimika bila kitu kuwaka. Kiganja kilisugua ukuta polepole kutoka kitandani hadi mlangoni. Maji yalifurika kwenye ndoo naye yuko hapo hapo. Nilimuuliza mama wa Kimaasai, akatazama huku na huku kabla ya kujibu.

"Macho imeisha. Daktari wa Kajiado alisema ni presha ya macho, imechelewa. Hataki Sista ajue. Wewe pia hujui."

Nilisema sijui. Lakini sikulala vizuri. Nilijua Sista akigundua, mama atatolewa pale, na aliyebaki upande wa marehemu mume wake alikuwa mpwa mmoja Kajiado ambaye hakuwahi kuja hata kumsalimia. Nilichukua mabaki ya vitambaa vya sare za shule, nikayasokota, nikafunga kamba ndefu kutoka mwimo wa mlango wake hadi bombani, kisha hadi vyooni, nikaweka fundo kubwa kila mahali pa kusimama. Nilipoulizwa nilisema ni ya kuanikia nguo. Nikaanika suruali mbili juu yake kuthibitisha. Siku hiyo paka aliambiwa, "Huyo fundi, Mungu amwone." Basi, hakusema zaidi.

Mchana mmoja wa jua kali nililala kwenye benchi nje ya mlango wangu, na sikusikia fimbo yake. Nilipofungua macho alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, mkono kwenye kamba, anakuja. Nikitikisika atasikia. Nilipaswa kufunga macho. Sikuyafunga. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na nikamwona mke wangu, paji lile lile, mdomo ule ule uliokunjwa upande mmoja, pamoja na miaka yote ambayo mke wangu hakupewa. Alipita akielekea bombani bila kujua kitu. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingi, na papo hapo nikaona aibu ya mwizi. Jumapili iliyofuata sikuiambia cherehani lolote.

Kisha wakaja wageni kutoka Nairobi, watu wa kanisa waliokuwa wakisaidia nyumba zile. Sista alitupanga kila mmoja mbele ya mlango wake, na kwa heshima ya mama mkwe mimi nilisimama nimegeukia pembeni. Mgeni mmoja alimnyoshea mkono. Akanyosha tena. Mama mkwe alitabasamu vizuri sana, akaunyosha wake kuelekea kule ambako hakukuwa na mtu.

Sista hakusema kitu mbele ya wageni. Magari yalipoondoka alikuja chumbani kwake, na mimi nikaingia kwangu, nikakaa kwenye cherehani bila kuikanyaga.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na ulikuwa unapika aje?"

"Na mikono."

Sista alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa aonekane hivyo. "Siwezi kukuacha hivi, utajichoma na uchome wenzako. Lakini kama uko na mtu wako hapa, wa damu ama wa ndoa, akubali kukupikia, kukuosha, kukushika mkono, nitaongea na Fada." Aliyasema hayo kwa sauti ya juu kidogo, na alijua ni nani alikuwa nyuma ya ukuta. "Mama, uko na mtu?"



"Sina," mama mkwe akasema. "Nilikuwa na msichana mmoja. Alikufa."

Nilipandwa na hasira. Miaka yote ile ya vikombe na fimbo, kamba, tangawizi, na leo mimi si mtu! Nilitoka, nikaenda hadi mlangoni pake, nikageuza mgongo na kuutazama ua.

"Ako na mimi," nikasema. "Mimi nitamwangalia."

"Asante sana, mzee," Sista akaanza.

"Mwanangu," sauti ikasema nyuma yangu, "toka hapo mlangoni."

Hakumwambia paka. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyonipa mimi mwenyewe tangu nimwoe binti yake, na yalikuwa ya kunifukuza. Nikatoka. Mama mkwe akisema, unatii, hata kichwa kikikataa miguu inajua kazi yake. Sista alichukulia kwamba mama amekataa, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Alimtumia mpwa wa Kajiado ujumbe, na mpwa akajibu kwamba atakuja mwisho wa wiki, kwa namna ya mtu aliyeshindwa kupata kisingizio.

Siku moja kabla hajachukuliwa, wenzetu walikuwa wamekwenda ibadani. Nilimsikia akikunja nguo zake chache, akizikunjua, akizikunja tena. Sikugusa cherehani. Nilisogea ukutani.

"Mama," nikasema, "kwa nini ulisema huna mtu?"

Kukunja nguo kukakoma.

"Ningesema niko na wewe, wangekupatia uniogeshe."

"Ningefunga macho."

"Ungefunga. Lakini nitamkuta msichana wangu huko. Akiniuliza ni nani alikuwa ananiosha, nitamwambia nini?"

Asubuhi mpwa alikuja na pikapu, wakamshika mikono, wakamweka mbele kwa dereva, wakaondoka. Kabla ya mwaka kwisha tukapata habari kwamba amefariki. Sijui ni nani aliyekuwa akimwogesha huko, wala kama alimwogesha kwa upole. Heshima ile ndiyo iliyonilea na siwezi kuisema vibaya, hata sasa nikiwa nimezeeka kumpita alivyokuwa yeye. Ila naujua moyo wangu. Ningemwosha.