Sahani ya Jirani

Karani wa Kipakistani aliyepanga chumba mkabala na nyumba ya Bi Nasriya, hapo Matrah, Uarabuni, hakuwa mtu wa kukaa. Hata chai akiinywa wima, roho juu juu, vidole vikigonga kikombe. Shahada ya kwanza alikuja nayo kutoka Lahore. Ya pili aliitaka London. "Safari lini, mwanangu?" Bi Nasriya humuuliza. "Mwezi ujao, mama," hujibu kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, na mwaka wa tatu ndio huo unakwenda. Kitanda hakununua. Sanduku lake lilikaa mlangoni, limefungwa kamba. Bi Nasriya, aliyeikimbia Unguja na masanduku yake mwenyewe, akimpelekea wali, sahani hurudi papo hapo, imeoshwa, tupu, bila ya hata tende moja ya ujirani.

Alasiri moja sahani ilichelewa, kisha ikaja imejaa nanaa mbichi. "Nimeipanda mwenyewe kwenye kopo, mama," alisema, mikono imetulia, "tangu chuo cha London kiliponikatalia." Nanaa yenyewe ilikuwa imeshiba, ya miezi, na juzi tu alikuwa kasema mwezi ujao. Bi Nasriya akainusa, asiulize la safari.

"Ingia ukae," alimwambia. "Nnatia chai."

Akakaa.