Pole Mbili za Musimbi

Haki amekaa! Amekaa kwenye kiti kile kile, kitambaa amefungua kwa mkono wake mwenyewe, na saluni nzima imenyamaza kama kanisa sadaka ikipita.

Ngoja, nianze vizuri.

Ni saa tatu asubuhi, mtaa wa Kongo, Kawangware, hapa Nairobi. Ndani ya saluni ya mabati yenye viti viwili, Musimbi amesimama nyuma ya mwanamke anayeitwa Sella. Ameshika chanuo la mkia lakini hajagusa hata unywele mmoja. Anapumua tu.

Hawa wawili walikuwa mabeshte wa kufa na kuzikana. Walisuka hapa pamoja, kila mtu na kiti chake. Halafu Sella akaondoka, na tangu hapo hajaruhusu msusi yeyote amguse kichwa. Aliyeharibu nywele zake ni Musimbi. Ndiyo maana leo macho yote yako kwa ule mkono.

"Nimekuja kusukwa," Sella anaambia kioo. "Sijakuja kusamehe. Hizo ni kazi mbili, na mimi nalipia moja."

"Sawa," Musimbi anajibu. "Ikiuma uniambie."

"Nitakuambia. Kwani nitakuogopa?"

Sasa, lazima ujue Musimbi alikuwa mtu wa aina gani. Alisifika mpaka Riruta kwa kukaza. Mistari yake ilikaa wiki sita bila kulegea, na wateja walitoka hapo macho yamevutika kama wameona kanjo, wale askari wa jiji. Ukilia kwenye kiti alikuambia pole. Ukilia tena, pole tena. Na mkono unaendelea kuvuta.

"Pole yangu ilikuwa kama chafya," anasema. "Inatoka, naendelea na kazi."

Sella ndiye aliyevutwa kuliko wote, kwa sababu kichwa chake kilikuwa tangazo la saluni. Kila mtindo mpya ulianzia kwake. Nywele za mbele zikaanza kukatika, paji la uso likazidi kupanda, na Musimbi akampatia jina: Wilson, kama ule uwanja wa ndege hapo karibu na Kibera. Wateja walicheka. Musimbi alicheka kuliko wote.

Siku moja mteja mgeni akaingia akauliza, "Wilson ni nani? Nimeambiwa anasuka vizuri." Sella akafunga kitambaa, akachukua chanuo lake, akatoka.

Musimbi alimwambia nini pale mlangoni?

"Nilimwambia pole," anasema. Hacheki.

Sella akahamia Soweto East, Kibera, ambako anauza sabuni na mafuta ya kupikia ya kupima chini ya zile ghorofa mpya. Kiti chake kilibaki. Musimbi hajawahi kukipatia mtu mwingine.

Aliyemshtua ni mwenye ploti, Mama Wangoi, ambaye hapa wote wanamwita Shosh, yaani bibi. Mwaka jana alikuja kusukwa kwa sababu ya ruracio, sherehe ya mahari ya mjukuu wake. Akavutwa. Akapiga nduru. Akaambiwa pole.

"Mdomo umesema pole lakini mkono haujasikia," Shosh akafoka. "Sema tena."

"Pole, Shosh."

"Sasa ziunganishe."

"Pole… pole?"

"Hiyo ndiyo nataka. Polepole. Ama nipandishe rent?"

Watu walivunjika mbavu. Lakini Musimbi alienda na hayo maneno nyumbani, na akaanza kujisikiliza.

"Wacha nikuambie, nilijishangaa," anasema. "Mtoto nimemkanyaga, pole, naenda. Mzee nimemmwagia chai, pole, naenda. Tena pole unaweza ambia mtu ameanguka na wewe hata haukuwa hapo. Haisemi ni nani alifanya. Mimi nilikuwa najificha ndani yake."

Akajiwekea sheria moja. Pole ikitoka mdomoni, mikono miwili inatoka kichwani kwa mtu. Anasimama. Anauliza, "Ni wapi?" Akishaonyeshwa ndiyo anashika tena.

Mwanzoni wateja walinung'unika kwamba amekuwa mvivu. Vichwa vinne kwa siku vikawa viwili, na kuna siku alienda nyumbani na shilingi mia tano. Halafu wakaanza kuja wanawake waliokuwa wamekata tamaa ya kusukwa kwa sababu ya uchungu. Siku hizi lazima umpigie simu mapema.

Hata mumewe, Wanzala, fundi wa kuchomelea, ameiona tofauti. "Zamani ungepewa pole yeye ameshafika kwa geti," anasema. "Siku hizi akikosa anakaa chini, anakuangalia, mpaka wewe ndio unaanza kuogopa."

Jumapili moja baada ya kanisa, Musimbi akichagua maharagwe, akamkumbuka Sella. Akajaribu kukumbuka pole moja tu, hata moja, ambayo alimwambia akasimamisha mkono. Hakupata.

Akaenda Soweto East.

"Mafuta ya ngapi?" Sella akamuuliza, bila kuinua macho.

"Sella, nimekuja tuongee."

"Mafuta ya ngapi?"

Akanunua ya hamsini, akarudi Kawangware. Wiki iliyofuata akaenda tena, akanunua tena. Ikafika mahali Wanzala akaangalia zile chupa zimepangwa jikoni akauliza, "Mama Timothy, tunafungua kibanda cha chipsi?"

Wiki iliyopita ndiyo hatimaye maneno yalitoka. "Sella, sijaleta pole," akamwambia. "Ni mimi. Ni mimi nilikuvuta. Ni mimi nilikuita lile jina, na ni mimi nilicheka. Nisamehe."

Sella alikuwa anamimina. Chupa ikajaa, ikamwagika mezani, naye bado anamimina.

Na leo asubuhi, bila simu, bila salamu, amefungua mlango wa saluni.

Amechagua twisti ndogo ndogo, zile zinazosukwa kwa siku mbili. Musimbi anaanzia shingoni, kama kawaida, akipanda polepole. Mara ya kwanza Sella akikunja uso, mikono inatoka kichwani.

"Ni wapi?"

"Nyuma ya sikio."

"Hapa?"

"Hapo. Endelea."

Shosh, ambaye alisema amekuja kuangalia bomba la maji, amekaa mlangoni tangu asubuhi na hilo bomba hajaliangalia.

Mchana ndege inapita juu, mabati yanatetemeka. Sella anainua macho kwenye dari.

"Hao hapo," anasema. "Wananitafuta watue."

Hakuna anayethubutu kucheka. Mikono ya Musimbi imesimama hewani.

"Cheka tu," Sella anamwambia kupitia kioo. "Leo ni mimi nimesema."

Anacheka yeye kwanza, halafu Shosh, halafu Musimbi, ambaye inabidi ajifute machozi kwa mkono wa blauzi.

Jioni, nyuma yote imesukwa. Imebaki mbele, pale penyewe, ambapo nywele zimeota upya, laini kama za mtoto. Musimbi anataka kuendelea. Anataka pia kusema jambo: anatamani Sella arudi kazini, wafungue tena saluni ya wasusi wawili.

"Sella, kuna kitu—"

"Kesho," Sella anamkata, akifunga kitambaa. "Nyuma umejaribu. Mbele tutaonana kesho, na hayo maneno yako pia."

Anatoka. Ni Shosh anayeona kwanza kwamba chanuo la Sella, lile aliloondoka nalo zamani, liko juu ya kile kiti cha pili, kiti chake cha zamani.

"Amesahau," Musimbi ananong'ona.

"Sahau gani?" Shosh anamjibu. "Usiguse."

Basi liko hapo. Kesho saa mbili mlango unafunguliwa, na paji la Sella likishatoka mikononi mwa Musimbi, habari yake mtaipata kwangu kabla chai yenu haijapoa.