Tulivyomvizia Mbweha wa Bidiya kama Dubu

Dubu weusi sijapata kuwaona, na mdogo wangu wa mwisho hajapata kuwaona pia, lakini mwaka ule alikuwa bingwa wao. Anafanya kazi ofisini huko Sur, pwani ya Oman, ana kitambi na kiyoyozi, na kila baada ya chakula cha mchana hujilaza na simu yake akitazama wazungu wa Kanada wanavyowinda dubu. Alinipigia simu nami niko nyumbani Nizwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, akanieleza mambo yote. Baridi ikishamalizika dubu huamka na njaa ya miezi. Mwindaji anaweka pipa msituni, analijaza maandazi yaliyolala, asali na mafuta yaliyokwisha kukaangia, kisha anajificha karibu, kimya, siku baada ya siku, mpaka dubu anajileta mwenyewe.

"Sasa wewe yakuhusu nini?" nikamwuliza.

"Mbweha, dada. Mbweha wa mama."

Nikaweka kalamu chini. Mbweha wa mama lilikuwa jambo zito.

Mama anakaa Bidiya, ukingoni mwa jangwa, peke yake, katika nyumba ya shamba aliyotuachia marehemu baba. Alizaliwa Unguja mjini akaja Oman msichana, na Kiswahili chake ni kile kile alichokuja nacho; mimi mwalimu mzima nikikosea kitu hunirudisha nyuma nikiseme upya. Baba alipofariki na eda ikaisha, nilimwambia, "Mama, njoo Nizwa ukae na mimi." Akanijibu huku anapepeta mchele, "Mie sitoki hapa mpaka kuku wangu waishe." Kuku walikuwa kumi na wanane, wanene, na wanazidi kutaga. Basi neno tukalishika hivyo. Jamaa wakiniuliza nawaambia mama hataki, tena nawaambia kwa fahari: mama yetu na shamba lake ni kitu kimoja, ukimtoa pale atakufa kwa huzuni.

Miaka miwili ikapita kimya. Wa tatu mbweha akaanza. Mama hupiga simu asubuhi, nami namwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo kaliwa yule mwenye kishungi."

Baada ya wiki, "Wamebaki tisa." Baada ya mwezi, "Wamebaki watano." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa, nami nikaisoma kuwa ni majonzi. Mdogo wangu akaisoma hivyo hivyo. Kuku wakiisha, mama atalitimiza neno lake, maana hajapata kuvunja ahadi, na sisi tutakuwa tumemng'oa shambani kwake kwa sababu ya mnyama mmoja mwenye mkia. Tukaapa hilo halitakuwa. Nilipopata likizo tukakutana Bidiya, wakati ule wa mwaka ambao wanaume wako juu ya mitende wanaipachika ile ya kike maua ya ile ya kiume.

Kuua wanyama wa porini haturuhusiwi, na ni afadhali, kwa sababu mdogo wangu na bunduki si vitu vya kuwekwa chumba kimoja. Aliazima sanduku kubwa la waya lenye mlango wa kuning'inia. Mlango unashikiliwa na kamba, ukiiachia, unaanguka. Mbweha akinaswa tutamchukua kwa gari mpaka milimani, akaanze maisha mapya huko. Kwa chambo alileta maandazi ambayo mkewe aliyakaanga akidhani ni zawadi ya mama, chupa ya asali, na gunia la dagaa wakavu wa Sur, wale wanaolishwa ngamia. Gunia hilo alisafiri nalo ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Aliposhuka, kuku wa mama ndio waliokuwa wa kwanza kumkaribisha.

Dagaa tukawamwaga ndani ya sanduku, na mbele ya mlango tukaweka sinia la maandazi yaliyomiminiwa asali. Kisha tukajenga maficho ya makuti makavu, hatua ishirini kutoka kwenye banda la kuku. Mdogo wangu akatandika mkeka ndani, asichafue kanzu. Akaweka chupa ya kahawa na bakuli la tende. Akavua ndara zake nje, akazipanga vizuri, akaingia na kamba yake mkononi. Mimi nikavua zangu nikazipanga ubavuni mwa zake. Hatukuona kasoro yoyote.

Njia ya watu inapita hapo hapo, kandokando ya mfereji wa falaji. Haikupita nusu saa akaja mzee jirani yetu, naye mtu wa Unguja kama mama. Akaziona ndara. Akasimama.

"Assalaamu alaykum! Nani humo?"

Huko Kanada nadhani mwindaji angenyamaza.

"Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah!" akaitikia mdogo wangu kutoka katikati ya makuti.

Ikawa habari za nyumbani, habari za watoto, habari za Sur, mvua imenyesha, haikunyesha, nani kaoa, nani kafa, yote haya baina ya mzee na rundo la makuti. Yalipokwisha, mdogo wangu akasema, "Karibu kahawa."

"Ahsante mwanangu, nina haraka."

"Wallahi utakunywa."

"Nimekunywa sasa hivi nyumbani."

"Kikombe kimoja tu. Utaniudhi!"

Mzee akavua ndara. Alikunywa vikombe vitatu, akakitikisa kikombe kuonyesha kwamba ametosheka, na akaendelea kukaa. Ilipokaribia magharibi tulikuwa watano mle ndani, magoti yamegusana, na tende zimekwisha. Mmoja akauliza hasa tunawinda nini. Mdogo wangu akaanza kueleza habari za Kanada, na kwa kuwa alianzia mbali, mtu yule aliondoka kabla hajafika kwenye mbweha.

Kesho yake walikuja watu kumwona dubu. Alikuja hata dereva mmoja wa kambi ya jangwani na gari lake la kupandia michanga, ana watalii wawili nyuma wenye simu mkononi. Tuliwanywesha kahawa wote. Mbweha hakuonekana, naye simlaumu.

Usiku ule nilikasirika. Nilimwambia mdogo wangu kesho ni mwisho: ndara ndani, kahawa hakuna, na mtu akitoa salamu tuitikie moyoni. Mama tukamwambia tunakwenda mjini Mintirib kununua waya. Gari tukalificha nyuma ya ukuta wa jirani, na baada ya alasiri tukaingia mafichoni kwa mlango wa nyuma wa shamba, tumeinama, watu wazima sisi, mimi na goti langu bovu.

Hatukungoja sana. Mama akatokea jikoni na bakora yake. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaenda moja kwa moja bandani. Nilidhani anawapelekea kuku maji. Akaliondoa jiwe tuliloliegemeza mlangoni, akaufungua waya mdogo wangu alioukaza kwa koleo, akaufungua mlango wazi kabisa.

"Haya, tokeni."

Kuku wakamtazama.

"Tokeni nasema! Mwangoja nini?"

Akawasukuma kwa bakora, mmoja mmoja. Wa mwisho akazunguka akarudi ndani. Mama akamkamata, akamweka juu ya ukuta, akamgeuza uso uelekee jangwani. "Na wewe," akamwambia, "nikungoje mpaka lini?"

Mdogo wangu alinibana mkono hadi nikaona nyota. Mama naye, kazi imekwisha, akaona sinia. Akavuta ndoo, akaiinamisha, akaikalia, akasema bismillahi na akachukua andazi. Ana sukari mama, na daktari amemkataza hata tende ya pili. Akachukua jingine. Mdogo wangu akataka kupiga kelele, nikamziba mdomo. Hapo upepo ukavuma ukapeperusha vumbi la wale dagaa, na mama akapiga chafya ya kweli kweli.

"Alhamdulillahi," akasema.

"Yarhamukillah!" yakaitikia makuti, kupitia vidole vyangu.

"Yahdikumullah," mama akajibu, akatafuna, akameza, kisha ndipo akaruka.

Mdogo wangu naye akaruka, kamba ikamponyoka na mlango wa sanduku ukaanguka kwa kishindo. Ndani tulimnasa kuku mmoja wa mama, aliyeingia kula dagaa.

"Mama!" mdogo wangu akapayuka, ana kuti kichwani. "Kumbe mbweha ni wewe?"

"Mbweha yupo," mama akasema kwa utulivu. "Mie namfungulia mlango tu."

"Lakini si ulisema hutoki hapa mpaka kuku waishe?"

"Ndiyo wanaisha hao! Tatizo lake anakula polepole."

Nikatoka kwenye makuti nikipangusa magoti. Nilikuwa sielewi, au sitaki kuelewa. "Mama, kama ulitaka kuja kwangu, mbona nilipokuuliza ulikataa?"

Akanigeukia, asali kidevuni.

"Uliniuliza mara moja," akasema. "Juzi niko dirishani nawasikia. Mzee wa watu kakataa kahawa, mkamrudia, kakataa, mkamwapia, mpaka kakaa. Kwa kikombe cha kahawa! Mie mama yenu, mmeniuliza mara moja, mkanyamaza miaka mitatu."

Mdogo wangu akalitoa kuti kichwani. Mimi niliona haya, haya ya kuungua masikio. Nitakuwa mwongo nikisema sikujua. Kwetu hakuna anayekubali mara ya kwanza. Mimi mwenyewe nikiandaliwa sahani husema mara mbili kwamba nimeshiba kabla sijanawa. Nilijua, na siku ile ya mchele jibu lake lilinifaa. Nyumba yangu ina ngazi, kazi zilikuwa zimenizidi, na nilirudi Nizwa nikiendesha gari kwa moyo mwepesi. Mengine yote, shamba na huzuni na kufa, niliyatunga mimi, nikayasema mara nyingi mpaka nikayaamini. Na mama alikaa pale jioni zote hizo, peke yake, anafungua mlango wa banda na kusubiri mnyama amalize.

"Mama," nikasema, "njoo Nizwa ukae na mimi."

"La, mwanangu. Nitawasumbua bure."

Mdogo wangu akafungua mdomo kusema, "Haya basi." Nikamkanyaga mguu.

"Wallahi utakuja."

"Una kazi zako. Una ngazi zile."

"Chumba cha chini ni chako. Njoo, mama."

Akajifuta asali vidoleni kwa upindo wa kanga, kidole kimoja kimoja, hana haraka yoyote.

"Hicho chumba," akasema, "dirisha lake laelekea wapi?"