Kibao cha Mwalimu na Habari za Wakajuni

Kabla ya kusimulia mkutano ule, sharti nieleze hali ilivyokuwa. Chama chetu cha wasemao Kiswahili hapa Birmingham kilikuwa kimekodi ukumbi mdogo huko Stechford, kikinuia kufungua darasa la Jumamosi kwa watoto wetu, ambao huambiwa jambo kwa Kiswahili nao wakajibu kwa Kiingereza. Wa kulifundisha alikwisha kupendekezwa: mzee mstaafu aliyehamia hapa kwa bintiye, ambaye wote walimwita Mwalimu. Mimi nilimjua tangu zamani. Ndiye aliyekuwa mkuu wa shule yangu ya msingi huko Pwani, na kibao kilikuwa chake.

Kibao kilikuwa ubao mdogo wenye kamba. Aliyeponyokwa na neno la Kiswahili alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake kwa kosa lilo hilo. Na kengele ya jioni ilipolia, aliyekutwa nacho alichapwa. Kilitufunza Kiingereza kidogo na upelelezi mwingi.

Nilikusudia mzee yule asilipate darasa. Kazi yangu ni historia, na utafiti wangu ni juu ya Wakajuni wa Luiziana, huko Marekani, ambao jina lao katika mji huu hujulikana zaidi kama kiungo cha kupakia kuku. Nilipoombwa kutoa mhadhara kabla ya uteuzi, sikutafuta mada nyingine.

Nilieleza bila haraka. Wahenga wao walikuwa wakulima wasemao Kifaransa, nao Waingereza waliwang'oa Akadia, nchi iliyomo leo katika Kanada, wakawatawanya. Baadhi yao walifika kwenye vinamasi vya Luiziana. Hata jina lao lilikatwa kichwa katika vinywa vya wasemao Kiingereza: Mwakadia akawa Mkajuni. Vizazi baadaye, watoto wao walikatazwa Kifaransa shuleni. Walipigishwa magoti, wakaandikishwa mstari ule ule tena na tena kwamba hawatakisema. Na wadogo walijikojolea kwa kukosa Kiingereza cha kuombea ruhusa. Walipokuwa wazazi, wengi hawakutaka kuwarithisha wana wao aibu ile, wakawanyima lugha yenyewe.

Nikamgeukia mzee. "Mwalimu, wewe ni mzoefu. Walimu wale walikosea?"

Akacheka. "Mwanangu, mtoto bila fimbo? Honestly, ile ilikuwa discipline tu. Hata mimi nilikuwa na kibao changu. Na si huyo umesimama mbele yetu, msomi mzima?"

"Umeponyokwa na maneno mawili ya Kiingereza, Mwalimu." Nikatoa mfukoni kibao nilichokuwa nimekichonga juma lile kwa kipande cha mbao nilichookota mtaa wa Digbeth. "Sheria ni yako."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti wetu, muuguzi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, akapiga makofi. "Mvalishe! Bahati yako ni ubao, Mwalimu. Sisi kwetu tulivaa mfupa wa ng'ombe!"

Mzee hakucheka. "Huu ni utovu wa adabu. Hata shikamoo hukunipa ulipoingia."

"Shikamoo nilikupa nikiwa darasa la kwanza," nikamjibu. "Ndilo neno lililonivisha kibao mara ya kwanza. Jioni ulinichapa kwa kukuamkia."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akamtazama. "Ni kweli, Mwalimu?"

"It was the rule," akasema. Na mdomo wake ukabaki wazi, kwa kuwa alikisikia Kiingereza chake akiwa amekwisha kuchelewa.

Nikamvisha kamba, polepole, kama alivyokuwa akituvisha yeye. Ilimkwama sikioni, nikaisawazisha. Sikumhurumia wakati ule, wala leo simhurumii.

Alikivua mlangoni, akakiacha juu ya kiti. Darasa la Jumamosi akapewa mwenyekiti, naye hulifundisha akitoka zamu. Mwalimu hajaja ukumbini tena.