Miwani ya Mama Mkwe

Miaka ile kampuni za vifurushi zilikuwa zimeanza kugombea wateja kwa ujumbe wa simu. Ukituma mzigo kutoka Dar es Salaam, unaambiwa umeondoka, umefika Songea, umefika Mbinga. Jumbe zile nilizipenda kupita kiasi. Nilizisoma kwa sauti mezani kama bwana mkubwa, mke wangu akinitazama tu.

Mzigo wenyewe ulikuwa miwani ya mama yake. Ya zamani ilivunjika, na kule Liuli, kando ya ziwa, yeye ndiye aliyesoma somo kanisani kila Jumapili. Bila miwani ilibidi akae kwenye benchi, mwingine asome. Nilimwambia mke wangu aniachie mimi shughuli hiyo. Juu ya boksi niliandika Mama Fulani, kwa jina la shemeji yangu mkubwa, kama anavyoitwa na kijiji kizima. Sisi wa Matiri tulilelewa hivyo, jina la mkwe hulitaji.

Simu ikasema: mzigo umefika Mbinga, unasubiri kuchukuliwa. Ikanyamaza hapo. Wiki ikakatika. Nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo mama. Ile miwani vipi?"

"Marahaba baba. Nashukuru sana, Mungu akubariki. Watoto hawajambo?"

Nilipokata simu nikamgeukia mke wangu. "Watu wa kwenu bwana! Anashukuru kitu ambacho hajaenda hata kukichukua. Uvivu gani huu?"

Aliondoa sahani.

Nikaipigia ofisi ya Mbinga, nimevimba kwa hasira. Karani, dada mpole, akanisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mama amekuja mara mbili. Kadi yake ya kupigia kura ina jina lingine. Tukamwambia akupigie ulibadilishe, akakataa. Anasema mkwe wake atajisikia vibaya."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Mama asiyeona vizuri amepanda milima yote ile kutoka ziwani, akarudi mikono mitupu, halafu akarudia tena, ili mimi tu nisijue kwamba nimekosea. Na mimi nimemwita mvivu mbele ya mwanawe.

"Basi nitajie jina lake kamili, nirekebishe," karani akasema.

Nikamwomba asubiri kidogo. Usipa wake, wale dagaa wa ziwani, nimekula miaka yote, wanangu wawili amewaogesha wakiwa wachanga. Jina lake sikulijua.

Nikaenda jikoni kumwuliza mke wangu. Alikuwa anaosha vyombo, akanitajia bila kugeuka.