Koti la Afisa Ustawi

Jumanne nilikwenda ofisi moja ya ustawi wa jamii hapa Ifakara kuomba kujitolea, maana digrii yangu ya social work inaliwa na mende. Kiti cha afisa kilikuwa kitupu, koti limetundikwa kwenye egemeo.

"Bosi yupo," karani akasema, akilionyesha koti kwa kidevu.

"Yupo wapi?"

"Yuko chuo, anasoma Masters ya menejimenti. Lakini koti si unaliona?"

Yaani mtu anasomea kusimamia ofisi, huku ofisi inasimamiwa na koti. Serious?

Bibi mmoja kutoka kijiji cha Mchombe alikuwa akisubiri barua ya msamaha wa gharama za matibabu, mjukuu wake amelazwa. Alipochoka alisogea mezani, akalieleza koti shida yake yote, taratibu, kwa heshima. Mkono wa koti ukainuka kidogo, ukashuka.

"Ni feni hiyo, bibi," nikamwambia.

"Feni ipi, mwanangu? Umeme hakuna tangu asubuhi."

Nikatazama juu. Feni ilikuwa imetulia, na madirisha yamefungwa.

"Amesema nisubiri," bibi akasema, akarudi kwenye benchi.

Nikalikunja ombi langu, nikaondoka. Ile post niliyoitaka ina mtu, jamani, na ameshaanza kuhudumia wananchi.